Sesilia aliimba moyoni: imani inaposema bila maneno



Kila Novemba 22 Kanisa humkumbuka Mtakatifu Sesilia, bikira na shahidi wa Roma, msimamizi wa wanamuziki. Mwaka 2025, katika sherehe ya Kristo Mfalme, wanakwaya kutoka pande nyingi za dunia walikuwa Vatikano kwa Jubilei yao, na Baba Mtakatifu Leo XIV aliadhimisha Misa pamoja nao. Huku kwetu nako kwaya nyingi zinazobeba jina la Sesilia zilitoa sare mpya sandukuni. Lakini ni wachache wanaokumbuka alivyopata usimamizi huo. Masimulizi ya kale ya kifodini chake yanasema kwamba siku ya arusi yake, vyombo vya muziki vilipokuwa vinapigwa, yeye alimwimbia Mungu peke yake, moyoni mwake. Basi msimamizi wa waimbaji wetu ni mtu ambaye wimbo wake haukusikiwa na mgeni yeyote arusini.

Mwaka huohuo wa 2025 kulikuwa na habari mbili ambazo magazeti yetu hayakuzipa nafasi kubwa. Machi 13, katikati ya Kwaresima, alifariki nchini Ujerumani mama mmoja mtunzi wa muziki, Sofia Gubaidulina, akiwa na umri wa miaka 93. Septemba 11, Arvo Pärt, mtunzi wa Estonia, alitimiza miaka 90. Wote wawili walikulia chini ya dola ya Kisovieti iliyofundisha ukanamungu shuleni na kuufanya msahafu wake. Wote wawili waliingia Kanisa la Kiorthodoksi wakiwa watu wazima, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo hatua hiyo haikumpandisha mtu cheo. Na wote wawili, imani yao iliposhindwa kupita mdomoni, ilipita katika muziki wa vyombo vichache.

Muziki huo Wazungu huuita muziki wa chumbani, kwa sababu ulianza kupigwa sebuleni, mbele ya watu wachache. Wapigaji ni wawili, watatu, wanne, mara chache zaidi ya wanane. Kwa kawaida hakuna wa kuwaongoza kwa fimbo. Kila mmoja ana sehemu yake peke yake, hakuna wa kumfunika. Katika kwaya ya watu 60 mtu akikosa sauti anaweza kujificha nyuma ya mwenzake. Katika muziki huu ukikosea unasikika, na usipomsikiliza mwenzako wimbo unakufa hapohapo.

Nimechagua jambo hili leo kwa sababu siku hizi mioyo ya wengi wetu ni mizito na maneno ni machache. Nimeona waamini wakikaa kanisani baada ya Misa bila kusema lolote, na nimeona sisi mapadre tukikimbilia kujaza nafasi hiyo kwa hotuba.

Nianze na Mkatoliki mwenzetu. Olivier Messiaen alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Utatu Mtakatifu mjini Paris tangu 1931, na hakuiacha kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1992. Zaidi ya miaka 60 kwenye kinanda kilekile! Mwaka 1940, akiwa askari, alitekwa na Wajerumani akapelekwa kambi ya wafungwa wa vita ya Stalag VIII A, huko Görlitz. Kifungoni walikuwamo pia Henri Akoka, Myahudi mzaliwa wa Algeria, mpiga klarineti. Jean Le Boulaire, mpiga fidla. Na Étienne Pasquier, mpiga selo, yaani ile fidla kubwa ambayo mtu huipiga ameketi, ameibana kwa magoti. Messiaen mwenyewe alikuwa mtu wa piano na kinanda. Vyombo hivyo vinne havikuwa mchanganyiko wa kawaida. Ndivyo kambi ilivyotoa, naye akatunga kwa alichopewa. Mlinzi mmoja wa Kijerumani, Karl-Albert Brüll, alimpatia karatasi na penseli.

Januari 15, 1941, katika banda namba 27, kwenye baridi kali, wale wanne walipiga kazi hiyo mbele ya wafungwa wenzao na maofisa wa kambi. Jina lake ni “Quatuor pour la fin du temps”, yaani muziki wa vyombo vinne kwa ajili ya mwisho wa wakati. Baadaye Messiaen alisimulia kwamba wasikilizaji walikuwa maelfu na kwamba selo ilikuwa na nyuzi tatu tu. Pasquier, aliyeipiga selo hiyo, alisisitiza kuwa nyuzi zilikuwa nne, na watafiti wanasema wasikilizaji walikuwa mamia. Hata wacha Mungu hukuza hadithi kidogo wakizeeka.

Kisicho na shaka ni kile alichokiweka ndani ya muziki. Alichukua sura ya 10 ya Kitabu cha Ufunuo, ambapo malaika aliyekanyaga bahari na nchi kavu anainua mkono na kuapa kwamba wakati hautakuwapo tena. Mfungwa anaishi kwa kuhesabu: anahesabu siku, anahesabu mkate, naye mwenyewe anahesabiwa na walinzi. Messiaen akavunja kuhesabu. Mapigo ya muziki wake yanaongezwa kidogo hapa na kupunguzwa pale, hata sikio linashindwa kupanga hatua za askari. Vipande ni 8, kwa sababu Mungu aliumba kwa siku sita, akapumzika ya saba, na pumziko hilo linaendelea hadi siku ya nane isiyo na machweo. Mababa wa Kanisa waliiita Jumapili siku ya nane, na ndiyo maana vyumba vingi vya kale vya ubatizo vilijengwa kwa pembe nane. Mfungwa yule alijenga kanisa dogo la pembe nane kwa sauti, na hakuna hata neno moja linaloimbwa ndani yake.

Katika kipande cha tatu klarineti iko peke yake. Ni Akoka, Myahudi, anayebeba huzuni ya kambi nzima. Katika kipande cha tano selo inaimba umilele wa Yesu juu ya piano, polepole mno, na wapigaji wengine wawili wanakaa kimya wakisubiri. Miezi michache baadaye Akoka alitoroka kwa kuruka kutoka kwenye treni, klarineti yake kwapani.

Sasa twende Estonia, nchi ndogo iliyomezwa na Wasovieti mwaka 1940, Arvo Pärt akiwa mtoto. Mwaka 1968, mjini Tallinn, kazi yake iitwayo “Credo” ilipigwa hadharani. Jina hilo kwetu ni “Nasadiki”. Mwaka 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alifika İznik, Uturuki, ambao ndio mji wa kale wa Nisea, kuadhimisha miaka 1700 ya Mtaguso uliotupa Kanuni ya Imani tunayoikiri kila Jumapili. Tunaikiri mara nyingi tukitazama saa. Tallinn, mwaka 1968, neno hilo lilitosha kumharibia mtu kazi. Ile kazi ilikuwa na kwaya na okestra kubwa, na kwaya ilimkiri Yesu Kristo kwa Kilatini, kinywa wazi. Wasikilizaji wakataka irudiwe, ikarudiwa. Kisha ikapigwa marufuku.

Baada ya hapo, kwa takriban miaka minane, Pärt alitunga kidogo sana. Alijaza madaftari kwa mazoezi ya nyimbo za Kigregori, zile zile tulizofundishwa seminarini na ambazo baadhi yetu tulizisinzilia. Anasimulia kwamba siku moja alimuuliza mfagiaji wa barabara mtunzi afanye nini ili atunge vizuri, naye akamjibu kwamba yampasa aipende kila noti. Anakiri kwamba hakuna mwalimu wake wa chuo aliyewahi kumwambia hivyo.

Mwaka 1976 alitoka katika ukimya huo na kipande kifupi cha piano kiitwacho “Für Alina”, na tangu hapo amefuata mtindo aliouita kwa neno la Kilatini lenye maana ya kengele ndogo. Wanakwaya wanaosoma sol-fa wataelewa haraka. Sauti ya kwanza hutembea hatua kwa hatua, juu au chini, kama mtu anayetafuta njia. Sauti ya pili haitoki kamwe nje ya noti tatu za akodi moja, tuseme d, m na s. Ile ya kwanza inazurura, ile ya pili haiondoki, na kila noti ya mzururaji ina mwenzake. Pärt mwenyewe amefafanua kwamba sauti inayotembea ni mtu na dhambi zake na mateso yake, na ile nyingine ni msamaha. Mkewe, Nora, alifupisha kwa hesabu ya ajabu: moja na moja ni moja.

Katika “Spiegel im Spiegel”, kazi ya mwaka 1978 ya fidla na piano, jina likiwa na maana ya kioo ndani ya kioo, fidla huanza na noti mbili tu. Kila kifungu kinachofuata huongeza hatua, mara kutoka chini mara kutoka juu, lakini vyote huishia kwenye noti ileile. Kwa sol-fa ni m. Mtu anakwenda mbali zaidi kila mara na kila mara anarudi nyumbani. Mimi nikiusikiliza huwaza mambo mawili: Mtume Paulo na kioo chake cha Wakorintho, na yule baba wa mwana mpotevu. Afisa wa serikali aliyekaa ukumbini na orodha ya maneno yaliyokatazwa hakuwa na cha kuandika. Fidla na piano zilikuwa zinacheza ngazi ya kawaida ya noti.

Hata hivyo dola ilijua. Mwaka 1980 Pärt na familia yake waliondoka, wakaishi Vienna kisha Berlin, na ni baada ya miaka mingi alirudi Estonia. Kanisa letu limemtambua pia: Papa Benedikto XVI alimteua mwaka 2011 katika Baraza la Kipapa la Utamaduni, na mwaka 2017 alipokea Tuzo ya Ratzinger kutoka kwa Papa Fransisko, ingawa yeye si Mkatoliki.

Gubaidulina ana kisa kinachonigusa zaidi. Baba yake alikuwa Mtatari, mama yake Mrusi, na babu yake mzaa baba alikuwa mullah, yaani sheikh. Mwambao wa kwetu tunazijua familia za namna hiyo, Pasaka upande mmoja wa ua na Idi upande wa pili. Lakini baba huyo hakutaka dini yoyote nyumbani, kama nyakati zilivyotaka. Alipokuwa mwanafunzi Moscow, Shostakovich, mtunzi mkubwa wa nchi ile, alimtia moyo aendelee na njia yake, ileile ambayo walimu waliiita potofu. Alibatizwa mwaka 1970. Chakula alikipata kwa kutunga muziki wa filamu, zikiwamo katuni za Mowgli, kwa sababu muziki wake mwenyewe haukupendwa na wakubwa. Mwaka 1979, kiongozi wa chama cha watunzi cha Kisovieti alimtaja kwa jina mbele ya mkutano mkuu, pamoja na wenzake sita, kama mfano mbaya.

Mwaka huohuo alitunga “In croce”, Msalabani, kwa selo na kinanda cha kanisa. Ukiuliza msalaba uko wapi, usiutafute katika maneno, hayapo. Kinanda kinaanza juu kabisa na kushuka. Selo inaanza chini na kupanda. Katikati zinakutana na kupishana, kwa msuguano unaoumiza masikio, kisha kila kimoja kinaendelea na safari yake. Sura ya msalaba iko katika njia ya sauti zenyewe. Aliyekuwa juu anashuka, aliyekuwa chini anainuliwa, na mahali pa kukutana pana maumivu. Nimefundisha fumbo la Umwilisho kwa miaka mingi kwa ubao na chaki bila kulifikisha karibu hivyo.

Mwaka 1982 akafuata na Maneno Saba ya Bwana msalabani, kwa selo, nyuzi za okestra ndogo, na bayan, kodiani ya Kirusi yenye vifungo, ndugu ya ile inayopigwa katika taarabu. Kodiani! Chombo cha arusi za kijijini. Alikiweka kiwe Baba, selo iwe Mwana, nyuzi ziwe Roho Mtakatifu. Kodiani ina mapafu: inavuta pumzi na kuitoa, na hata isipotoa noti unasikia hewa ikipita. Selo nayo inasuguliwa karibu zaidi na zaidi na kile kidaraja kinachoshikilia nyuzi, hadi mwishowe upinde unavuka upande wa pili, ambako sauti si ya muziki tena. Hivyo ndivyo Mwana anavyovuka. Katika Umoja wa Kisovieti kazi hiyo ilichapishwa kwa jina la “Partita”, jina la kawaida lisilosema chochote, kwa kuwa jina lake halisi lisingepita. Walibadilisha jalada. Msalaba ulibaki ndani.

Gubaidulina alipenda kueleza kwamba neno dini, kwa Kilatini religio, maana yake ni kufunga tena kilichokatika. Wanaseminari tulikariri asili hiyo kutoka kwa Laktansio. Yeye aliiongezea ya wanamuziki: kuziunganisha noti zisikatike, kazi ambayo maisha ya kila siku hayatupi nafasi ya kuifanya.

Nirudi kwetu. Sisi wimbo tunauita wa dini kwa sababu ya maneno yake. Kamati ya liturujia hukagua maneno, na hufanya vema. Lakini nani anakagua sauti? Kinanda cha umeme kina kitufe cha mdundo. Kikibonyezwa, mdundo uleule unaibeba “Bwana utuhurumie” na “Aleluya”, matoleo na Komunyo, arusi na mazishi. Maneno yanatubu, mdundo unacheza. Tukiondoa maneno, asiyejua Kiswahili hawezi kutambua kama tunaomba huruma au tunakaribisha wageni. Wale watunzi wawili waliondolewa maneno kwa nguvu, na imani yao ikabaki inasikika.

Wazee wetu waliujua uzito wa sauti, pengine kupita kiasi. Papa Pius X, katika barua yake ya Novemba 22, 1903, siku ya Sesilia, alikataza piano kanisani na vilevile ngoma na vyombo vya kelele. Katika barua ile piano ilikuwa mwenye dhambi kama ngoma, jambo ambalo wamisionari wengine walisahau kututajia. Padre Stephen Mbunga, aliyetunga Misa Baba Yetu mwaka 1959, aliandika mwaka 1963 kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, na mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukafungua mlango kwa vyombo vya mataifa, ilimradi vifae kwa matumizi matakatifu. Mjadala wa wakati ule ulikuwa juu ya sauti yenyewe: inabeba nini, inamkumbusha mtu nini. Ngoma ilishinda, na mimi nashukuru. Kisha mjadala ukafungwa, na mlango ukabaki wazi kwa chochote chenye waya.

Kuna atakayesema, Padre, fidla na selo si zetu. Kweli, na sipendekezi parokia ichange fedha za kununua selo. Lakini muziki wa chumbani tunao. Zeze na ilimba za Wagogo, enanga ya Wahaya, litungu la Wakurya, ni vyombo vya watu wachache waliokaa karibu wakisikilizana. Ngoma imeingia kanisani na spika zimeingia. Hivi vya sauti ndogo vimebaki mlangoni, kwa sababu havishindi kelele.

Tusichanganye pia mambo. Kazi nilizozitaja si za Misa. Messiaen alitunga kwa ajili ya wafungwa bandani, na wale wengine kwa kumbi. Zikipigwa kanisani, barua ya Vatikano ya Novemba 5, 1987 kuhusu matamasha makanisani inataka kiingilio kiwe bure, wapigaji wasikae patakatifu, na Sakramenti Takatifu ihifadhiwe mahali pa heshima pembeni. Haydn aliwahi kutunga Maneno Saba kwa ajili ya ibada ya Kwaresima huko Cádiz, Hispania: mhubiri alitafakari neno moja, akashuka mimbarini na kupiga magoti, na vyombo vikajaza nafasi hiyo bila waimbaji. Ijumaa Kuu zetu zina Maneno Saba yaleyale, na kati ya neno na neno huwa tunatoa matangazo.

Jumapili inayofuata sherehe ya Kristo Mfalme tunaanza Majilio. Maelekezo ya Misale ya Kiroma yanataka vyombo vitumike kwa kiasi katika kipindi hicho, na baada ya Komunyo yanaruhusu ama wimbo wa sifa ama ukimya. Hapa kwetu hilo la pili halitumiki sana. Mpiga kinanda mmoja kijana aliniuliza wiki iliyopita afanye nini kwa dakika hizo mbili ikiwa hapigi. Nilimwambia asogeze mikono kutoka kwenye vitufe na akae.